Saa Moja, Vyeti Viwili

Mpwa wangu ana miaka 16, hajamaliza shule, na tayari ana kitambulisho cha chuo. Anaishi na mama yake mjini Kent, jimbo la Washington, Marekani. Wiki moja kabla sijapanda basi la Kampala kwenda Kasese alinitumia picha ya ratiba yake: asubuhi hesabu chuoni, mchana historia shuleni, katikati basi la mjini. Chini ya picha akaandika: "Mjomba, hili somo la hesabu linahesabiwa huku na huku."

Nimefundisha sekondari Tanzania miaka 24. Nimeona saa za mwanafunzi zikihesabiwa mara moja, na nimeona nyingi ambazo hazikuhesabiwa kabisa. Za kuhesabiwa huku na huku nilikuwa sijaziona. Nikaligawa daftari langu la safari safu mbili: kushoto nitakayoyaona chini ya milima ya Rwenzori, kulia wanayofanya wengine.

*Kasese mjini*

Huu ni mji uliozaliwa na ufundi. Reli kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe, na pamoja na reli wakaja mafundi mitambo, waunga vyuma, mafundi umeme na vijana wa kujifunza kwa kuangalia. Uchimbaji wa shaba ulisimama miaka ya 1980 ilipoanza, na treni nazo zikaacha kuja. Kilichobaki ni tabia ya mji. Pita mtaa wowote wa gereji uone: kijana wa sare ya shule amechuchumaa pembeni ya pikipiki iliyofunguliwa, shati limekunjwa ili lisiingie grisi, kwa kuwa kesho atalivaa darasani.

Nilikunywa chai ya maziwa na mwalimu mmoja wa fizikia, mwenyeji wa hapa, aliyekubali kunichorea ngazi ya elimu ya Uganda nyuma ya karatasi ya mtihani. Miaka minne ya kwanza ya sekondari, senia wani hadi senia foo, inaishia na cheti cha UCE. Hapo njia inagawanyika: ama miaka miwili zaidi hadi cheti cha UACE, ama chuo cha ufundi kwa kozi ya cheti. Anayetaka shahada kwa njia ya kawaida lazima apate ufaulu mkuu wa masomo mawili katika UACE, na sharti hilo liko katika sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001. Asiyefikia hapo ana njia za kuzunguka: diploma kwanza, cheti cha maandalizi, au asubiri afikishe miaka 25 afanye mtihani wa watu wazima.

"Na aliye senia siksi, mwenye akili nyingi, akitaka kusoma somo moja la chuo kikuu huku bado yuko shule?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa. "Mwalimu, hapa ukikanyaga kidaraja cha pili, cha kwanza uwe umeshakiacha."

Hata hivyo, alisema, kipo kidaraja kimoja kipya ambacho watu wengi hawakijui vizuri. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza Februari 2020. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kwa hiyo watoto wa kwanza wa mtaala huo walifanya UCE mwishoni mwa mwaka 2024. Chini ya mtaala huu Kiswahili ni lazima senia wani na senia tuu. Senia tatu na nne mwanafunzi ana masomo 7 ya lazima na 1 au 2 ya kuchagua, na alama 20 katika kila 100 zinatokana na kazi anazofanya shuleni kabla ya mtihani wa mwisho. Halafu kuna jambo lililonifanya niweke kikombe chini: mtaala unafungua njia ya mwanafunzi huyohuyo, akiwa bado na sare, kutahiniwa ufundi na kupata cheti cha ngazi ya kwanza katika mfumo wa taifa wa sifa za ufundi. Kazi ya kutahini ilikuwa ya idara ya mafunzo ya viwandani, ambayo kila mtu huiita DIT. Mwaka 2025 sheria mpya ya elimu ya ufundi ikaikabidhi bodi mpya, UVTAB.

Nikaandika safu ya kushoto: *Kumbe nao wana saa ya kuhesabiwa mara mbili. Tafuta anayeitumia.*

*Ibanda*

Kutoka Kasese unashika barabara ya Fort Portal, kisha unakata kushoto kupanda bonde la mto Mubuku. Boda boda ilinitoza zaidi kwa sababu ya begi, na dereva akajitetea kwamba begi nalo ni abiria. Ibanda ni kituo cha biashara chini ya mlima, njiani kwenda Nyakalengija ambako wapandaji wa Rwenzori huanzia safari. Pembeni ni migomba na kahawa. Mto unaunguruma, na maji yake yanaendesha mitambo kadhaa ya umeme, ukiwemo ule wa Bugoye wa megawati 13 uliowashwa mwaka 2009. Usiku taa za mitambo huonekana tokea mbali kuliko taa za nyumba.

"Wabukire," nilisalimia kwa Lhukonzo nilichofundishwa na dereva. Kijana aliyenijibu alikuwa juu ya ngazi, anavuta waya kwenye paa la duka jipya. Yuko senia tatu. Jumamosi na likizo anafanya kazi na mjomba wake, fundi umeme. Akiwa hana kazi ya waya, anabeba mizigo ya wageni hadi kambi ya kwanza ya mlimani. Alinionyesha mikono: kiganja cha kulia kina alama ya koleo, bega la kushoto lina alama ya kamba.

Nikamuuliza habari ya cheti cha ngazi ya kwanza. Anakijua. Shuleni kwao mwalimu alikitaja. Ila kuna ada ya kutahiniwa ambayo haimo katika ada ya shule, kunahitajika vifaa ambavyo shule haina, na mtahini lazima aletwe. Shule ikipeleka watoto wachache, gharama inamwangukia kila mmoja. Basi wengi wanangoja.

"Ukikipata kitakusaidia nini?"

"Nitakuwa na karatasi."

"Na ukienda chuo cha ufundi baada ya senia foo?"

Akacheka. "Kaka yangu alienda. Wiki ya kwanza walifundishwa majina ya koleo."

Kijana huyu amefunga umeme katika nyumba zaidi ya ishirini, mjomba wake anazikumbuka zote kwa majina ya wenye nyumba. Saa hizo ziko kwenye mabati ya Ibanda. Hazimo kwenye daftari la shule, hazimo kwenye daftari la chuo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba zimejaa. Kibaba chenyewe ndicho sikukiona.

*Safu ya kulia: Marekani*

Jioni nikiwa nyumba ya wageni, mtandao ukiwa na huruma, nilimpigia mpwa wangu. Alikuwa ndiyo kwanza anakunywa chai ya asubuhi. Nilimtaka anieleze kanuni, si sifa.

Kumbe Marekani hakuna kanuni moja. Kila jimbo lina yake. Minnesota ndiyo iliyotangulia, mwaka 1985, kwa kuwaruhusu wanafunzi wa darasa la 11 na 12 kusoma chuoni kwa gharama ya serikali. Baadaye wa darasa la 10 nao wakapewa nafasi ya kuanza na somo la ufundi. Washington ilipitisha mpango wake, Running Start, mwaka 1990, nao ni wa darasa la 11 na 12. Ohio, tangu mwaka wa masomo wa 2015, inapokea hata mtoto wa darasa la 7 akithibitisha kuwa anaweza. California iliweka sheria mwaka huohuo wa 2015 inayoziacha shule na vyuo vya jamii viandikiane mkataba, na mwanafunzi aliye ndani ya mkataba huo anaweza kuchukua hadi uniti 15 kwa muhula bila kulipa ada ya masomo.

Vyuo vya jamii, kwa asiyevijua, ni vyuo vya umma vya miaka miwili, vya karibu na nyumbani, visivyochagua sana. Humo utamkuta mama wa miaka 40 anayesomea uuguzi amekaa dawati moja na mtoto wa miaka 16. Mpwa wangu anasema mwenzake wa kikundi cha hesabu ni dereva wa lori kutoka Ethiopia, mwenye watoto watatu, ambaye humtania kwa kumwita "dokta".

Lililonivutia zaidi ni hesabu ya fedha. Jimbo la Washington lina fungu kwa kila mwanafunzi wa shule. Mwanafunzi akienda Running Start, fungu la saa zile linamfuata: shule inabakiza asilimia 7 kwa kazi ya karatasi na ushauri, chuo kinapata asilimia 93. Mzazi halipi ada ya masomo, ila vitabu, nauli na michango midogo ni juu yake. Dada yangu alidakia nyuma ya simu: "Vitabu ndivyo vinavyoua, kaka." Hata hivyo alikiri kwamba kila somo analomaliza binti yake sasa ni somo moja pungufu la kulipia baadaye.

Ubaya nao haukukosa. Alama ya chuo haifutiki. Mtoto akifeli akiwa na miaka 16, alama hiyo itakuwa kwenye rekodi yake ya chuo akiwa na miaka 30. Tena si kila chuo kikuu kinalazimika kuyapokea masomo ya chuo cha jamii, hasa ukivuka jimbo. Na mtoto wa kijijini ambako hakuna chuo wala basi anabaki kusoma sheria nzuri kwenye karatasi, sawasawa na kijana wa Ibanda.

Nikaandika: *Kibaba chao kimetengenezwa kwa vitu vitatu. Sheria imesema nani aandikishe saa. Fedha inaifuata saa. Na kuna rekodi moja inayosomeka pande mbili.*

*Njia ya Bwera*

Teksi ya Bwera ilijaa hadi mlango ukafungwa kwa ushirikiano. Kusini mwa Kasese nyasi zinatanuka, mbuga ya Queen Elizabeth iko pande zote, na Kikorongo, si mbali na alama ya Ikweta, tukaiacha barabara ya Mbarara na kupinda kuelekea Kongo. Ni njia ya kumfanya mtu akumbuke mambo.

Nilikumbuka shule niliyosoma mimi, enzi za michepuo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na miaka ya 1970 sekondari za Tanzania zikapangiwa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Mimi nilikuwa mchepuo wa kilimo. Nilijua kumkamua ng'ombe, kuchanja kuku na kupima mbolea. Nilipofika chuo kimoja ambacho sitakitaja, somo la kwanza lilikuwa "aina za majembe". Nilinyanyua mkono nikasema haya tumeyasoma. Mkufunzi akaniuliza, "Umeyasoma wapi?" Nikataja shule yangu. Akasema, "Hiyo ni shule," akaendelea na jembe la pili.

Tanzania imejaribu tena. Sera ya elimu iliyohuishwa mwaka 2023 imeleta mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na wanafunzi wa kwanza wa amali waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Wa amali anasoma masomo ya jumla chini ya baraza la mitihani, NECTA, na fani yake chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, ili amalize kidato cha nne na vyeti viwili. Hao wa kwanza wanafikia kidato cha nne mwaka 2027. Swali langu kwao ni lile nililolipata katika teksi: siku atakapopeleka cheti cha pili chuoni, ataanzia sura ya ngapi? Akirudishwa kwenye aina za majembe, tutakuwa tumempa karatasi mbili na kumhesabia saa moja.

Jirani yangu garini, mama mwenye kikapu cha vifaranga, aliniona ninaandika. "Unaandika barua?" Nikamwambia naandika mambo ya shule. Akageuzia uso dirishani kidogo, kisha akasema, "Mambo ya shule huku uandike taratibu."

*Bwera na Mpondwe*

Nilielewa nilipofika. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka Kongo wakaivamia Shule ya Sekondari Lhubiriha hapa Mpondwe, wakaua watu 42, wanafunzi 37 miongoni mwao. Miaka 25 kabla, Juni 1998, kundi hilohilo lilichoma mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba, ng'ambo ya Fort Portal, wakafa wanafunzi wapatao 80. Mmoja wa wazee niliokaa nao Bwera aliyataja matukio hayo mawili kwa pumzi moja, kana kwamba ni usiku mmoja. Kwa hiyo mtu asinijie na kanuni ya kumpeleka mtoto wa miaka 16 chuo cha mbali kusoma somo moja. Hapa umbali una maana nyingine. Mzazi anataka bweni lenye ukuta, au mtoto alale nyumbani. Kama kipo kitu cha kuletwa huku, aletwe mtahini na karakana ya kuhama, si mtoto apelekwe.

Asubuhi nilishuka sokoni Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo. Watu wa pande zote mbili ni ndugu, Lhukonzo cha huku na Kinande cha kule vinasikilizana, na Kiswahili ndicho kinachopanga bei. Si Kiswahili changu cha Morogoro; niliposema "naomba" muuzaji alitabasamu, akaniuliza kama natafuta kazi.

Hapo nikamkuta mwanamke wa Kasindi anayeuza maharage kwa jumla, na mezani pake daftari la hesabu safi kuliko la mhasibu wa shule yetu: deni kushoto, dai kulia, jumla kwa wino mwekundu. Alijifunza wapi? "Nilifanya komerisiale," alisema, kama anayetaja kabila lake.

Kongo, miaka minne ya juu ya sekondari huitwa humanite, na mwanafunzi huingia akiwa ameshachagua sehemu: biashara, ualimu, ujenzi, umakanika, ushonaji, kemia na biolojia, na nyingine. Wote wanaishia mtihani wa taifa, ulioanzishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Elimu ya Kujitegemea, na anayefikia asilimia 50 anapata diploma ya serikali. Aliyefanya ualimu anaweza kusimama darasa la shule ya msingi kwa diploma hiyo. Serikali inamwita mwalimu wa D6. Kwa hiyo Wakongo hawakujenga daraja kati ya shule na ufundi. Ufundi waliuweka ndani ya shule tangu zamani. Wanachokosa ni karakana na mishahara, na katika Kivu Kaskazini, amani.

"Na mtoto wako?" nikamuuliza mama wa maharage. Anasoma Bwera. Alimvusha kwa ajili ya usalama na Kiingereza. Alipomleta, karatasi zake za upande wa Kongo zilimpa taabu ya kulinganishwa, na kijana akarudishwa nyuma mwaka mmoja. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya ilikwishatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Ila hayo ni ya vyuo vikuu. Kijana wa sekondari akivuka daraja la Lhubiriha, alichojifunza kinabaki ng'ambo kama mzigo uliokosa kibali.

Wakati tukizungumza alikuja mteja kutoka upande wa Uganda. Mama akachukua kopo la bati lililobonyea ubavuni, akalijaza maharage, akalisawazisha kwa kijiti, akamwaga kwenye gunia. Akafuata mteja wa Kasindi. Kopo lilelile. Mmoja akalipa shilingi, mwingine faranga.

Nikamuuliza nani aliamua ukubwa wa kopo hilo, Uganda au Kongo.

"Sisi," alisema. "Tulikaa, tukakubaliana. Bila hivyo ungekuwa ugomvi kila siku."

Nikafungua daftari kuandika, nikakuta safu zote mbili zimejaa. Nikalipiga picha lile kopo, nikamtumia mpwa wangu, naye akauliza hicho ni kitu gani. Nikamjibu: "Kibaba."